Kusafiri Peke Yako kwa Boti ya Matanga: Mwongozo Kamili wa Kuitunza Akili Safarini

Mtu akitangaza ufukweni pale Deep Sea au Sahare kwamba anataka kuondoka Tanga peke yake kwa boti ya matanga, ataulizwa kwanza kuhusu dhoruba, kisha kuhusu upweke. Maswali hayo yana maana, lakini hayagusi kiini cha jambo. Dhoruba ina dawa zake zinazojulikana: kupunguza tanga mapema, kujifunga mkanda wa usalama na kukaa mbali na miamba. Upweke nao huuma siku za mwanzo, kisha wengi huuzoea. Kinachowaangusha wasafiri wa peke yao ni usingizi uliokatwakatwa, na ubaya wake ni kwamba haujitambulishi kwa jina lake. Huonekana kama huzuni, au kama hofu isiyo na sababu, au kama hasira juu ya kamba iliyojisokota, au kama sauti ya mtu anayeita kutoka shetri, nyuma ya boti. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na mwili na kuufuatisha moyo, na sehemu kubwa ya kazi inayoelezwa humu hufanyika kabla ya nanga kung'olewa.

Nimechukulia kwamba msomaji anajua tayari kuendesha chombo, kusoma ramani ya bahari na kutengeneza kinachovunjika. Asiyejua hayo asianze na masuala ya akili. Aanze na kamba na mafundo, maana hakuna utulivu wa moyo unaoweza kuziba pengo la ujuzi.

Hatua ya kwanza: ipime safari kwa siku

Kutoka Tanga hadi Mahé, Ushelisheli, ni takriban maili 980 za baharini kwa mstari ulionyooka. Boti inayokwenda wastani wa maili 5 kwa saa hukata maili 120 kwa siku, kwa hiyo hata mambo yote yakienda sawa, hizo ni siku nane na zaidi. Kwa akili ya msafiri, idadi ya siku ina uzito kuliko idadi ya maili, kwa kuwa kila kipindi kina taabu yake.

Usiku mmoja unaweza kuvumiliwa kwa kukesha tu, na ndiyo maana aliyevuka usiku mmoja hajajipima bado. Siku ya pili hadi ya nne ndizo mbaya kuliko zote: kichefuchefu hakijaisha, mwili haujakubali kulala kwa vipande, na kila mlio wa mbao au wa kamba unasikika kama habari mbaya. Wengi wanaoapa kwamba hawatarudia tena huapa katika siku hizo, kisha siku ya tano huamka wakiwa watu wengine. Baada ya wiki moja taabu hubadilika sura, na hapo ndipo uchovu wa mambo yaleyale, hisia ya ukiwa, na mawazo yanayozunguka mahali pamoja huanza kudai nafasi.

Mazoezi yafuate mpangilio huo. Anza kwa siku nzima ukiwa peke yako ndani ya ghuba, ukizunguka kisiwa cha Toten, Ulenge na Yambe, simu ikiwa imezimwa na kuwekwa ndani ya mfuko mkavu. Kisha lala peke yako kwenye nanga, kwa mfano mbele ya Kigombe, ili ujue masikio yako hufanya nini usiku ukiwa huna wa kumuuliza. Hatua inayofuata ni kuvuka Mkondo wa Pemba kwa safari itakayokutia usiku njiani. Mkondo huo una upana wa takriban kilomita 50, kina chake hufika mamia ya mita, na maji yake husukuma kuelekea kaskazini, kwa hiyo utakuwa na kazi ya kweli ya kukuweka macho.

Baada ya hapo fanya zoezi ambalo wengi hulidharau. Toka kwa siku mbili na usiku mbili mfululizo ukiwa na mwenzako ndani ya boti asiyegusa kitu chochote. Kazi yake ni kukaa, kujilinda na kuandika: ulianza lini kujibu kwa mkato, ulisahau nini, ulirudia swali gani mara mbili, ulifunga fundo lipi vibaya. Mtu aliyechoka hana uwezo wa kujiona amechoka, na karatasi ya mwenzako itakuonyesha dalili zako za mwanzo, ambazo hazifanani na za mtu mwingine. Mmoja huanza kuimba, mwingine huanza kununa, mwingine huacha kula. Ukishazijua zako, ziandike kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya meza ya ramani.

Mazoezi haya yafanyike wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ambapo bahari kwa kawaida ni pole zaidi. Kusi ya Juni hadi Agosti ni mwalimu mkali mno kwa anayeanza. Kabla ya kila safari soma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hata kama mbingu iko wazi.

Hatua ya pili: andika masharti ya kurudi ukiwa bado nchi kavu

Hapa inafaa kukumbuka mkasa wa Donald Crowhurst, Mwingereza aliyeondoka Teignmouth tarehe 31 Oktoba 1968 katika mashindano ya kuizunguka dunia peke yake bila kusimama. Boti yake haikuwa tayari, na yeye alijua. Lakini alikuwa amejifunga kwa mkataba ambao ungeifilisi biashara yake kama angeacha njiani, na watu walikwisha kumshangilia. Hakurudi wala hakuendelea. Alibaki katika Atlantiki akituma kwa redio taarifa za uongo kuhusu mahali alipo. Maandishi ya mwisho katika daftari lake ni ya tarehe 1 Julai 1969, na siku tisa baadaye boti ilikutwa ikielea bila mtu. Katika waliokuwa wameanza mashindano hayo, watu tisa, aliyemaliza ni mmoja tu, Robin Knox-Johnston, aliyetumia siku 312 katika boti iliyojengwa Bombay. Yeye aliikabidhi zawadi yake ya fedha kwa familia ya Crowhurst.

Watu huusoma mkasa huo kama habari ya mtu aliyeharibiwa akili na upweke. Mimi nausoma kama habari ya aibu. Upweke ulikuwepo, lakini mlango wa kurudi ulikuwa umefungwa tangu bandarini, na mtu asiye na njia ya kurudi hukaa na jambo lake kichwani mpaka limle. Nasi wa pwani hatuko mbali na hilo. Ukishaagwa kwa dua, ukapigwa picha, ukawekwa kwenye makundi ya simu ya ukoo mzima, kurudi kesho yake alasiri kunaonekana kama kumvunjia heshima kila aliyeinua mikono kukuombea.

Dawa ni karatasi. Wiki moja kabla ya kuondoka, ukiwa umelala na umekula, andika masharti ambayo yakitimia utageuza omo, yaani mbele ya boti, bila mjadala. Yawe ya kupimika: usukani wa kujiendesha ukifa na usitengenezeke ndani ya saa 12, ukitapika kila unachokunywa kwa saa 24, akiba ya maji ikishuka chini ya nusu kabla ya nusu ya safari, ukisikia au kuona visivyokuwepo hata baada ya kulala kwa muda wa kutosha. Tia sahihi, mpe nakala mtu wako wa nchi kavu (yule utakayewasiliana naye ukiwa safarini), na uwaambie waziwazi wazee na ndugu kwamba kurudi kumo ndani ya mpango. Ukiwa baharini hutaruhusiwa kuyalegeza masharti hayo. Utaruhusiwa kuyakaza tu.

Hatua ya tatu: ondoka ukiwa umelala

Jambo hili ni dogo na huharibu safari nyingi. Usiku wa mwisho nyumba hujaa. Shangazi ameleta visheti, majirani wamekuja na chai, mazungumzo yanakwenda hadi saa saba, na alfajiri msafiri anatweka tanga akiwa tayari anadaiwa usingizi wa usiku mzima. Waage watu siku mbili kabla. Usiku wa mwisho ulale mapema, na ikibidi ulale ndani ya boti.

Ukitoka, usipange kulala mpaka umeuacha ukanda wa pwani. Katika maji yetu kuna ngalawa zisizo na taa, kuna nyavu, kuna wavuvi wa dagaa wanaotoka na taa zao katika usiku wa giza lisilo na mwezi, na kuna meli zinazoingia Tanga na Mombasa. Hapo hakuna usingizi salama, hata wa dakika kumi.

Hatua ya nne: jifunze kulala kwa vipande

Tuseme ukweli wa kisheria kwanza. Kanuni ya 5 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano ya Vyombo Baharini za mwaka 1972 inakitaka kila chombo kiwe na mtu anayeangalia na kusikiliza wakati wote. Msafiri wa peke yake akilala anaivunja, na hakuna maneno matamu ya kulipamba jambo hilo. Anachoweza kufanya ni kupunguza hatari: kukaa mbali na njia za meli, kuwasha taa kamili, kuweka kioo cha kurudisha mawimbi ya rada juu ya mlingoti, na kutumia kifaa cha AIS (kinachotambua kwa redio vyombo vyenye kifaa kama hicho) chenye kengele ya kutangaza chombo kinachokaribia. Kifaa hicho hakioni ngalawa wala jahazi lisilonacho, kwa hiyo kisiwe mlinzi wako pekee.

Urefu wa kipande cha usingizi unatokana na hesabu rahisi. Meli inayokwenda maili 20 kwa saa hukata karibu maili 7 kwa dakika 20, na kwa mtu aliyesimama katika boti ndogo, meli iliyo mbali zaidi ya hapo huenda hata bado hajaiona. Ndiyo sababu wengi hushika dakika 20 kama kiwango cha kawaida. Daktari Claudio Stampi, aliyewachunguza washiriki wa mashindano ya kusafiri peke yao, aliona kwamba waliofanya vizuri ni wale waliolala vipande vifupi, vya dakika 20 hadi saa moja, mara nyingi kwa siku, kuliko wale waliojaribu kukesha kisha kuanguka kwa saa nyingi kwa mkupuo.

Utaratibu wenyewe uwe hivi. Weka saa mbili za kengele, moja karibu na sikio na nyingine mahali ambapo huwezi kuifikia bila kusimama. Kengele ikilia, usikae kitako, maana ukikaa umelala tena. Simama, funga ndoana ya mkanda wako kwenye kamba ya sitaha kabla ya kutoa kichwa nje, kisha geuka polepole duara zima ukianzia omo na kumalizia omo. Angalia chini ya tanga, upande wa demani, yaani unakoelekea upepo, ambako ndiko macho hukwepa kazi. Soma dira kwa sauti. Gusa kamba ya demani, ile inayolishikilia tanga, uone inavyovuta. Andika saa na neno moja katika daftari la safari, kisha rudi ulale. Zoezi zima halizidi dakika tatu, na ukilifanya kwa mpangilio uleule kila mara, mwili utalifanya hata akili ikiwa bado iko nusu ndotoni. Usiguse tanga wala usukani katika dakika tano za kwanza baada ya kuamka, isipokuwa kuna hatari iliyo mbele ya macho, kwa kuwa katika dakika hizo mtu huwa na mikono ya mzima na kichwa cha mlevi.

Kusanya jumla ya saa tano au zaidi katika kila saa 24, na sehemu kubwa uipate mchana, wakati wengine wanaweza kukuona. Tandika turubai la kivuli. Jua la Bahari ya Hindi saa nane mchana haliruhusu usingizi mahali pa wazi. Kipindi cha kukihofia ni kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, ambapo mwili hushuka chini kabisa. Usipange kazi ya kupanda mlingoti, kubadili tanga au kukaribia nchi katika saa hizo. Kahawa nayo inywewe mwanzoni mwa zamu ngumu na si kila mara macho yanapokuwa mazito, maana ikizidi itakuibia vipande vya usingizi vinavyofuata.

Dawa za kichefuchefu zijaribiwe nyumbani. Nyingi huleta usingizi, na kibandiko cha dawa ya haiosini kinachowekwa nyuma ya sikio kinaweza kwa baadhi ya watu kuleta mkanganyiko na hata mauzauza. Ni bora kulijua hilo ukiwa sebuleni.

Hatua ya tano: sauti na mauzauza

Hata ukijitahidi, huenda ukasikia au kuona visivyokuwepo. Joshua Slocum, wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kati ya mwaka 1895 na 1898, aliugua tumbo karibu na visiwa vya Azores, akalala sakafuni kwa maumivu, na alipochungulia nje akamwona mtu mrefu ameshika usukani wake, akijitambulisha kuwa ni rubani wa moja ya merikebu za Columbus. Boti ilikuwa imeshika njia yake usiku kucha. Wengine baada yake wameeleza hali kama hiyo: kuhisi kuna mtu wa pili ndani ya boti, kusikia watu wakizungumza nyuma ya ukuta wa mbao, kuona taa za mji pasipo na mji. Ubongo ulionyimwa usingizi na sauti za watu huanza kujitengenezea, na mlio wa maji ubavuni ni malighafi nzuri ya kutengenezea maneno.

Wazee wa pwani wana maelezo yao, na sina nia ya kubishana na mtu kuhusu viumbe kama majini na chunusi katika mwongozo wa bahari. Ila wana kanuni moja ninayoikubali bila masharti: usiitike sauti ambayo humwoni mwenyewe. Ukiielewa vyovyote utakavyo, ni kanuni ya usalama ya hali ya juu, kwa sababu hatari ya mauzauza iko katika kuyafuata. Aliyeona gati pembeni ya boti akashuka hakuuawa na jini wala na uchovu. Ameuawa na hatua ile aliyopiga.

Kwa hiyo weka sharti la ushahidi wa pili. Ukiona taa, hesabu mimweko yake kwa sekunde na uilinganishe na ramani. Ukiona nchi, pima kina na soma GPS. Ukisikia jina lako, shika ndoana ya mkanda, hakikisha imefungwa, kisha andika katika daftari: "Saa nane usiku, sauti ya mwanamke, upande wa joshini," yaani unakotoka upepo. Kuandika kunakurudishia kazi ya shahidi. Ukiandika mambo mawili ya namna hiyo katika usiku mmoja, jibu ni kulala: punguza tanga, simamisha boti kwa kuielekeza upeponi, washa taa zote, tangaza mahali ulipo kwa redio, ulale vipande viwili au vitatu mfululizo. Kujisemea kwa sauti si dalili mbaya. Wengi hufanya hivyo na huwasaidia. Dalili mbaya ni kusubiri kujibiwa.

Hatua ya sita: hofu, shwari na hasira

Hofu ya kweli, ile inayokuja na mawimbi makubwa, huitikia kazi. Tafuta jambo linalofuata, liwe dogo kiasi gani, ulifanye, kisha linalofuata. Andaa nyumbani kadi ya hali ya dhoruba yenye mambo yasiyozidi manane kwa mpangilio: kunja tanga, funga milango, vaa mkanda, jaza chupa ya maji na kadhalika, ili usidaiwe kufikiri wakati kufikiri ni kugumu. Pumua kwa kuhesabu, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Hofu isiyo na sura, ile inayokuja usiku bahari ikiwa tulivu, iulize maswali matatu: nimelala lini, nimekula lini, nimekunywa maji lini? Mara nyingi itakuwa imejibiwa kabla ya swali la tatu.

Mtu aliyewahi kuumia baharini ana hofu ya aina nyingine. Abhilash Tomy wa India alivunjikiwa mlingoti na kuumia mgongo kusini mwa Bahari ya Hindi mwaka 2018, akiwa katika mashindano ya kuizunguka dunia peke yake, akalala ndani ya boti bila uwezo wa kusimama mpaka alipookolewa. Alirudi katika mashindano yaleyale ya mwaka 2022 na kumaliza wa pili mwaka 2023. Hakurudi siku iliyofuata. Kati ya ajali na kuondoka tena kulikuwa na matibabu na miaka ya matayarisho. Anayetaka kurudi baharini baada ya ajali na ajipe muda kama huo, arudie mazoezi ya hatua ya kwanza tangu mwanzo.

Shwari, kwa maoni yangu, ni mbaya kwa akili kuliko upepo mkali. Katika majira ya tanga mbili, pepo zinapobadilishana, boti inaweza kukaa siku nzima mahali pamoja, tanga likijipiga huku na huko na foromali (mti unaobeba tanga) au boriti yake ikigonga kila wimbi linapopita. Hakuna adui wa kupigana naye, na hapo ndipo mtu huanza kugombana na vitu. Tua tanga. Usilisikilize likijipiga kwa saa nzima ukitumaini pumzi ya upepo. Kelele ile peke yake inatosha kumvuruga mtu mzima. Kisha shika kazi ya mikono iliyo na mwanzo na mwisho: shona, paka mafuta, panga upya sanduku la vipuri. Na ukijiona umetupa koleo au umeitukana kamba, weka kisu chini, maana katika hali hiyo watu hujikata vidole. Kaa, kunywa maji nusu lita, ndipo uendelee.

Hatua ya saba: ipe siku kuta

Siku isiyo na mpangilio baharini huvuja. Kwa Mwislamu kazi hii imefanyika tayari: nyakati za sala huigawa siku, na ruhusa ya msafiri ya kufupisha na kujumuisha huacha nafasi ndefu za kulala katikati. Asiyefuata ratiba hiyo na ajitengenezee nyingine inayokwenda na jua. Zamu ya ukaguzi wa kamba iwe asubuhi, chakula cha moto adhuhuri, kuoga na kubadili nguo alasiri, kutayarisha boti kwa usiku kabla ya jua kuzama. Kuoga kusidharauliwe, anayeacha kuoga huacha kula baada yake.

Chakula kiwe cha namna mbili: kimoja kitamu cha kupika, kingine cha kuliwa kwa mkono mmoja gizani. Tende, kashata, korosho, visheti na ng'onda hukaa vizuri. Uji wenye tangawizi hutulia tumboni wakati wali haukubaliki. Maji ya kunywa yahesabiwe lita tatu kwa siku au zaidi katika joto letu, nawe uyapime unavyokunywa, kwa sababu mtu aliyepungukiwa na maji hukasirika kabla hajasikia kiu.

Jioni jipe alama katika daftari, kuanzia moja hadi tano, kwa mambo matatu tu: usingizi, hamu ya chakula, na moyo. Usieleze sana. Alama zikishuka siku mbili mfululizo, siku ya tatu ni ya kupumzika, hata kama upepo ni mzuri.

Hatua ya nane: mtu wako wa nchi kavu

Mchague mmoja, na asiwe lazima anayekupenda kuliko wote. Mama au mke anaweza kukosa usingizi kwa kila dakika ya kuchelewa, nawe ukaanza kumficha mambo ili umtulize, na hapo mawasiliano yote yamepoteza faida. Rafiki mtulivu anayejua bahari hufaa zaidi. Familia ipate habari kupitia kwake.

Mfundishe asiulize hali. Sisi tukiulizwa hali hujibu "salama" hata nyumba ikiwaka moto. Mazungumzo kwa simu ya setilaiti au redio ya masafa marefu yawe ya namna hii:

"Kaka, leo umekula nini?"

"Chai tu."

"Na jana jioni?"

"Sikumbuki vizuri."

"Umelala vipande vingapi tangu jana adhuhuri?"

"Viwili. Vitatu."

"Basi nisomee dira, halafu unisomee sharti la nne kwenye karatasi yako."

Majibu hayo yanamwambia zaidi kuliko "salama" kumi. Kubalianeni pia saa ya kuwasiliana na saa ya kuanza kuwa na wasiwasi, ziwe mbali: kimya cha siku moja kisimfanye apige mbiu, lakini muda mliokubaliana ukipita awasiliane bila kusitasita na kituo cha uratibu wa uokoaji baharini kilicho Dar es Salaam. Redio ya masafa mafupi (VHF) ikae chaneli 16, na boya la dharura la masafa ya megahezi 406 lisajiliwe kwa jina la boti na namba ya simu ya mtu huyohuyo.

Dalili zisizosubiri

Mtu mwenye historia ya sonona, wahaka mkubwa au maradhi mengine ya akili azungumze na daktari kabla ya kupanga chochote, na asiache dawa zake kwa sababu anaona bahari inamtibu. Kwa msafiri yeyote, mambo haya hayahitaji mjadala: wazo la kushuka majini linalorudi tena na tena, imani kwamba mtu fulani wa nchi kavu anakuchezea vifaa vyako, kukosa usingizi kabisa hata nafasi ikiwepo, au kuacha kabisa kula na kuandika. Jifunge mkanda na usiuvue hata ndani. Mwambie mtu wako wa nchi kavu kwa maneno yaleyale yaliyo kichwani, bila kuyapunguza. Elekea bandari iliyo karibu na yenye mlango rahisi, na ukishindwa kuendesha boti, omba msaada kama ambavyo ungeomba boti ikiwa inazama.

Hatua ya tisa: kuingia, na wiki inayofuata

Siku ya mwisho huua watu waliopona siku zote nyingine. Msafiri ameona nchi, amelala kidogo kwa furaha, simu imeanza kushika mtandao na inalia kila dakika, na mbele yake kuna miamba. Zima simu. Ukifika mbele ya Tanga usiku, usiufuate mnara wa Ulenge kwa hamu ya kitanda. Kaa nje kwenye maji marefu, boti ikiwa imesimamishwa, ulale vipande viwili na uingie jua likiwa juu kiasi cha kuonyesha rangi ya maji juu ya miamba.

Baada ya kufunga kamba, tarajia kero. Masikio yaliyozoea maji huona bodaboda moja ni nyingi, mazungumzo ya watu wanne kwa pamoja hayafuatiliki, na usiku utaamka kila dakika 20 kuitafuta meli isiyokuwepo. Waeleze watu wa nyumbani mapema kwamba ukimya wako wa siku hizo hauna maana ya kuwakinai. Wengine hupata kinyume chake, huzuni ya kuwa safari imekwisha. Bernard Moitessier, aliyekuwa katika mashindano yale ya Crowhurst na mwenye nafasi nzuri ya kushinda, aliacha njia ya kurudi Ulaya akaendelea na bahari hadi Tahiti. Kwa mwenye mke, watoto na duka la vipuri hapo Barabara ya Kumi na Mbili, hilo si chaguo, kwa hiyo jiwekee shughuli nyepesi ya bandarini ya kufanya kila asubuhi kwa wiki nzima: kuosha matanga kwa maji baridi, kukausha kamba, kufungua usukani.

Usiahidi safari nyingine wala usiuze boti katika wiki hiyo. Mpe daftari yule mwenzako aliyekuandikia karatasi wakati wa mazoezi, alisome lote kabla hujamsimulia chochote, atie alama kila mahali mwandiko ulipobadilika, kisha mkae naye mkilinganisha alama hizo na saa ulizolala.